Poncho ya krosheti isiyoporomoka begani: mwongozo kamili, kuanzia kipimo cha kichwa hadi namna za kuivaa

Lalamiko ni lile lile: "Nimefuata maelekezo neno kwa neno, mbona poncho yangu inaporomoka begani?" Mwingine kamaliza, kafunga uzi, kichwa hakipiti. Mwingine kaanza kipande kikiwa na upana mzuri, alipofika juu akakuta kimekuwa chembamba na hajui mishono imepotelea wapi.

Ukiuliza alipima nini kabla ya kuanza, jibu huwa: "Nilianza na mishono 80 kama walivyoandika." Mishono 80 ya mkono wa mtu mwingine ni upana mwingine kabisa kwenye mkono wako. Na poncho haisamehi. Haina mikono, haina vifungo, haina kiuno. Kinachoishikilia mwilini ni shingo peke yake. Shingo ikizidi kwa sm 6 tu, hakuna pambo litakaloiokoa. Ndiyo maana hapa tutakaa sana kwenye kupima, na mapambo tutayapitia haraka.

Tutafuma poncho ya vipande viwili vya mstatili vinavyoshonwa pamoja. Haina kuongeza wala kupunguza mishono katikati ya kazi, na ikikosewa inarekebishika. Njia ya mduara na njia ya sindano mbili nimeziweka baadaye, kwa wanaozipenda.

## Vifaa

- Uzi wa unene wa kati (lebo nyingi huuandika namba 4). Kwa mtu mzima ni kama gramu 350, bila matamvua.
- Kulabu mbili za krosheti: ya milimita 6 kwa mwili wa poncho, ya milimita 5 kwa shingo.
- Futi laini ya fundi cherehani. Rula ya mbao haizunguki kichwa.
- Sindano butu yenye tundu pana, ya kushonea vitu vya kufuma.
- Pini kubwa za kufunga, kama 10 hivi, na vipande vya uzi wa rangi tofauti vya kuwekea alama.
- Mzani mdogo wa jikoni, mkasi, kalamu na karatasi.

Lebo ya uzi inaweza kukupendekezea kulabu ndogo kuliko milimita 6. Kwa kofia au kikapu, ifuate. Poncho inataka kitambaa kinacholegea na kuanguka vizuri mwilini. Ukiifuma kwa kubana inasimama kama boksi.

Kuhusu aina ya uzi, nina msimamo. Kwa poncho ya kwanza chukua sufu au akriliki, au mchanganyiko wake. Sufu hurudi kwenye umbo lake baada ya kuvutika na hutunza joto. Akriliki ni nyepesi, inafulika bila hofu, na haimwashi asiyevumilia sufu. Pamba tupu ni nzito, na poncho kubwa ya pamba hujivuta yenyewe kwenda chini, hasa ikilowa. Uzi wa mianzi na wa viskosi unang'aa na kuteleza vizuri sana, ila unarefuka zaidi ya vyote. Uzi wenye manyoya marefu uache kabisa kwa sasa: mishono haionekani, na ukikosea haufumuki.

Nunua bonge moja kwanza kwa ajili ya majaribio. Ukishajua kiasi unachohitaji, nunua yaliyobaki kwa mkupuo mmoja, yote yakiwa na namba moja ya awamu ya kutiwa rangi kwenye lebo, kwa sababu rangi ileile iliyotiwa kwa awamu tofauti huachana kidogo, na mstari wa mpaka utauona ukiwa umeshafika nusu. Kama bonge la kwanza limetoka awamu nyingine, litumie kwenye shingo au matamvua. Huko hakuna atakayegundua.

## Mishono utakayotumia

Mnyororo: zungushia uzi kwenye kulabu, vuta upite ndani ya kitanzi kilichopo. Basi.

Mshono mfupi: ingiza kulabu kwenye mshono wa chini, vuta uzi, sasa una vitanzi 2 kwenye kulabu. Zungushia uzi, pitisha kwenye vyote viwili.

Mshono mrefu: zungushia uzi kwenye kulabu kwanza, ndipo uiingize kwenye mshono wa chini. Vuta uzi, una vitanzi 3. Zungushia, pitisha kwenye viwili. Zungushia tena, pitisha kwenye viwili vilivyobaki.

Mshono wa kuunganishia: ingiza kulabu, vuta uzi upite moja kwa moja kwenye kila kilichomo.

Ukiwa unachanganya na maelekezo ya Kiingereza, angalia kwanza kama yametoka Marekani au Uingereza. Jina ambalo Wamarekani hulitumia kwa mshono mrefu, Waingereza hulitumia kwa mshono mfupi. Kuna watu wamefumua poncho nzima kwa sababu hiyo tu.

## Hatua ya 1: Kipande cha majaribio

Ndiyo, najua. Kila mtu anairuka hatua hii, na kila mtu huyo anarudi na lile lalamiko la begani.

Kwa kulabu ya milimita 6, fuma mishono mirefu 20 kwa upana, mistari 11 kwenda juu. Kitatoka kipande cha kama sm 15 kila upande. Kipime uzito, uandike. Kisha kioshe vilevile utakavyoiosha poncho, kitandaze kikauke.

Kikishakauka, kibane juu kwa vibanio viwili vya nguo na chini ning'iniza vibanio vinne viwe uzito. Kiache usiku kucha. Poncho itakaa mwilini mwako ikivutwa na uzito wake, kwa hiyo kipimo cha kitambaa kilicholala mezani kinakudanganya.

Asubuhi kitoe, weka futi katikati (kingo zina mishono iliyopinda, ziache), hesabu mishono iliyomo ndani ya sm 10 kwa upana, kisha mistari iliyomo ndani ya sm 10 kwenda juu. Nusu mshono nayo ihesabu.

Kwa mfano wetu tuseme umepata mishono 13 na mistari 7. Namba zako zinaweza kuwa nyingine. Zitumie hizo zako, usijilazimishe kufanana na zangu.

Utajua umefanikiwa: ukikishika kipande kwa kona moja kinainama chenyewe. Kikisimama, panda kulabu kwa nusu milimita au milimita nzima ufume kingine. Kikionyesha mashimo ya kupitisha kidole, shuka.

## Hatua ya 2: Vipimo viwili vya mwili

Kichwa. Zungusha futi juu ya nyusi na sehemu iliyochomoza zaidi kisogoni. Watu wazima wengi wako kati ya sm 54 na 58. Kama nywele zako zimesukwa au huwa unafunga kilemba, pima vikiwepo.

Bega. Kutoka shingo inapokutana na bega, teremsha futi juu ya mkono hadi unapotaka poncho iishie. Huu ndio upana wa kila kipande. Sm 45 hufika karibu na kiwiko kwa wengi. Usijipimie poncho ya kufika kifundo cha mkono mara ya kwanza: inalemea, na kila ukinyoosha mkono mezani inaingia kwenye sahani.

## Hatua ya 3: Hesabu inayoamua kila kitu

Poncho hii inaunganishwa hivi: upande mfupi wa kipande cha kwanza unashonwa kwenye upande mrefu wa kipande cha pili, kuanzia kona. Kisha upande mfupi wa cha pili unashonwa kwenye upande mrefu wa cha kwanza. Sehemu ya upande mrefu inayobaki bila kushonwa, kwa vipande vyote viwili, ndiyo shingo.

Kwa hiyo shingo haiko kwenye maelekezo ya mtu. Iko kwenye tofauti kati ya urefu na upana wa vipande vyako.

- Shingo = kipimo cha kichwa + sm 7
- Urefu wa kipande = upana + nusu ya shingo

Tuchukue kichwa cha sm 57 na upana wa sm 45. Shingo ni 64, nusu yake 32. Urefu wa kila kipande ni 45 + 32 = sm 77.

Sasa geuza sentimita ziwe mishono na mistari:

- Upana: 45 × 1.3 = 58.5, chukua mishono 58
- Urefu: 77 × 0.7 = 53.9, chukua mistari 54

Ukitaka kujua itakavyokaa, zidisha upana kwa 1.4. Hapo unapata umbali kutoka shingo hadi kwenye ncha ya mbele: kwa sm 45 ni kama sm 63. Mzunguko wa pindo lote ni urefu na upana vikijumlishwa mara mbili: 122 × 2 = sm 244.

Ona kinachompata aliyeruka majaribio. Mkono wake ni mlegevu kidogo, mishono 12 na mistari 6.5 kwa sm 10, lakini anafuma zile zile 58 kwa 54. Upana wake unakuwa sm 48, urefu sm 83. Tofauti ni 35, na shingo imekuwa sm 70 badala ya 64. Bega hilo linaporomoka. Kosa ni nusu mstari katika kila sm 10, tofauti ambayo macho hayaioni.

Kwa mtoto mwenye kichwa cha sm 50, ongeza sm 6 tu: shingo 56, nusu 28. Upana wa sm 28 unatoa urefu wa sm 56, yaani mishono 36 kwa mistari 39 kwa mkono ule ule wa mfano.

Kiasi cha uzi. Zidisha urefu na upana wa kipande cha majaribio. Tuseme ni sm za mraba 240 na kilipimwa gramu 11. Vipande viwili vya 45 kwa 77 vina sm za mraba 6,930. Gawa kwa 240, unapata karibu 29. Zidisha kwa 11: gramu 319. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya shingo na mikia ya uzi, unafika 350. Matamvua yana hesabu yake huko mbele, na si ndogo.

## Hatua ya 4: Mnyororo wa mwanzo

Fuma mnyororo wa 60, ambao ni mishono 58 na 2 ya nyongeza. Tumia kulabu ya milimita 6.5 kama unayo, kwa mnyororo huu tu, kisha rudi kwenye ya 6. Wengi tunabana tunapoanza, na mnyororo uliobana huivuta kingo ya chini ikajikunja ndani hata uifanyeje.

Mshono mrefu wa kwanza unaingia kwenye tundu la nne kutoka kwenye kulabu. Yale matatu uliyoyaruka yanahesabika kuwa mshono mmoja mrefu. Endelea hadi mwisho.

Onyo: hesabu sasa. Lazima iwe 58. Kosa la mstari wa kwanza hufumuliwa kwa dakika. La mstari wa ishirini linakutoa machozi.

## Hatua ya 5: Mistari, na kingo zinazokimbia

Mwisho wa kila mstari, geuza kazi, fuma mnyororo wa 3. Huo unasimama mahali pa mshono mrefu wa kwanza. Ruka mshono ulio moja kwa moja chini yake, anzia wa pili.

Ukifika mwisho, mshono wa mwisho kabisa unaingia kwenye kichwa cha ule mnyororo wa 3 wa mstari uliopita. Hapa ndipo mishono hupotea. Kichwa hicho kinajificha, kinalala pembeni, na jicho linakichukulia kuwa kingo. Ukikiacha, kila mstari unapungua mshono mmoja na kipande kinakuwa pembetatu. Ukifuma kwenye ule mshono wa kwanza uliotakiwa kurukwa, kila mstari unaongezeka.

Kuna na kosa la tatu, ambalo kuhesabu hakulikamati: unafuma kwenye wa kwanza *na* unaacha wa mwisho. Jumla inabaki 58 mwezi mzima, lakini kingo zinakuwa za mawimbi. Dawa yake ni pini. Kila ukimaliza kufuma mnyororo wa 3, tia pini kwenye tundu la juu kabisa. Ukirudi na mstari unaofuata, mshono wa mwisho unaingia pale penye pini, halafu pini inahamia juu. Baada ya mistari kumi hivi jicho litazoea lenyewe.

Uzi ukiisha, badilisha mwanzoni mwa mstari na uache mkia wa sm 15. Mikia ipeleke upande ule ule utakaoshonwa, ifichike kwenye mshono. Usifunge fundo katikati ya kitambaa. Fundo hujitokeza upande wa mbele siku yoyote linapotaka.

Mkono ukichoka, weka kazi chini. Mkono uliochoka hubana, na kipande kitakuwa na mkanda mwembamba pale ulipojilazimisha.

Fuma mistari 54. Usikate uzi. Tia pini kubwa kwenye kitanzi cha mwisho kisifumuke, kiweke pembeni, fuma kipande cha pili kwa bonge jingine. Sababu utaiona hatua inayofuata.

Utajua umefanikiwa: ukikunja kipande katikati, kona zinakutana. Vipande viwili vikilazwa kimoja juu ya kingine, hakuna kinachochungulia kwa zaidi ya sm 1.

## Hatua ya 6: Nyoosha, kisha jaribu kwa pini

Sufu: lowesha kwenye maji ya uvuguvugu kwa robo saa, usiikamue kwa kusokota. Iviringishe ndani ya taulo, kandamiza, kisha itandaze kwenye mkeka au kitanda ukiivuta taratibu hadi vipimo vyako, 45 kwa 77. Ikauke palepale.

Akriliki: itandaze kwa vipimo, ipitishie mvuke wa pasi ukiwa juu yake kwa sm 3 au 4. Pasi isiguse. Akriliki iliyoguswa na pasi ya moto hulegea moja kwa moja na hairudi.

Sasa unganisha kwa pini kama ilivyoelezwa kwenye Hatua ya 3, kisha ivae mbele ya kioo. Inua mikono. Inama. Geuka haraka.

- Inashuka begani? Fumua mstari mmoja kwenye kila kipande, jaribu tena. Kila mstari unaoutoa kwa vyote viwili hupunguza shingo kwa karibu sm 3.
- Kichwa kinakwama? Ongeza mstari mmoja kwenye kila kipande.

Ndiyo maana hatukukata uzi. Ukiridhika, kata na ufunge.

## Hatua ya 7: Kushona

Upande mfupi una vichwa vya mishono 58. Upande mrefu una ncha za mistari, na sm 45 zake ni kama mistari 32. Kwa hiyo huwezi kushona mshono mmoja kwa mstari mmoja. Ukijaribu, upande mmoja utajikunja na poncho itapinda shingoni.

Kanuni kwa mkono wetu wa mfano: mishono 2 kwa kila mstari, na kila baada ya mistari 4, mstari mmoja uuchukulie mshono 1. Lakini usitegemee kukumbuka. Tia pini mwanzo, mwisho, katikati, na katikati ya kila nusu. Ukishona kati ya pini mbili, kilichozidi kinajigawa chenyewe.

Tumia uzi uleule, usiozidi sm 60 kwa mara moja, maana mrefu zaidi huchakaa kwa kupitishwapitishwa. Vipande vilaze kwa uso, sindano ipite chini ya nyuzi za kingo hii, kisha hii, bila kukaza. Kila baada ya sm 10 uvute mshono kwa mikono miwili ili ulegee, vinginevyo utakatika siku ya kwanza utakapoivaa kwa haraka.

Anzia upande wa shingo kila mara. Pale ndipo penye mvuto mkubwa: rudia sindano mara tatu kwenye pointi hiyo.

Utajua umefanikiwa: ukiilaza, shingo inaonekana kama ufa ulionyooka wa sm 32 wenye pembe mbili, na pindo linapita kutoka kipande kimoja kwenda kingine bila ngazi.

## Hatua ya 8: Kumalizia shingo

Chukua kulabu ya milimita 5. Zungusha mishono mifupi, 2 kwa kila ncha ya mstari. Ikibaki mistari 22 wazi kila upande, utakuwa na mishono 88. Funga kwa mshono wa kuunganishia.

Mzunguko wa pili fuma vivyo hivyo, ila kwenye kila pembe unganisha mishono mitatu iwe mmoja. Pembe inakaa kali na shingo inakaza kidogo.

Jaribu kichwani. Mizunguko miwili inatosha kwa poncho nyingi, mitatu kama bado unaona ulegevu. Kila mzunguko unaongeza kubana, na mshono mfupi hauvutiki sana, kwa hiyo usiongeze mzunguko kabla ya kuipitisha kichwani.

Ukosi wa kukunja je? Unawezekana, ila ufume kwa kulabu ya 6 na usipunguze mishono. Mimi huuona unazidisha uzito mahali pasipohitaji uzito.

## Hatua ya 9: Pindo na matamvua

Mzunguko mmoja wa mishono mifupi kuzunguka pindo unatosha, na mishono 3 kwenye kila ncha ili isikunjike.

Matamvua yapige hesabu kwanza. Pindo la sm 244, kishada kimoja kila sm 2.5, ni vishada 98. Kila kishada nyuzi 4 za sm 30: karibu mita 118 za uzi. Kwa uzi wa mita 200 kwa gramu 100, umekula zaidi ya nusu ya bonge na kuongeza gramu 59 zinazoning'inia. Ukiyataka, tenga bonge lake siku ya kununua.

Zungushia uzi kwenye kitabu chenye ukubwa unaofaa, kata upande mmoja, utapata nyuzi zinazolingana. Kunja kishada katikati, vuta kitanzi kwa kulabu kupitia pindo, ingiza ncha ndani yake, kaza. Kata zilizozidi poncho ikiwa imevaliwa na mtu mwingine amesimama wima. Ukizikata mezani zitaonekana sawa mezani tu.

## Usiyependa kushona: njia ya mduara

Fuma mnyororo wa urefu wa shingo (kwa mfano wetu, 84), uunganishe uwe duara. Hakikisha haujasokotwa, tandaza mezani kabla ya kuunganisha, maana duara lililosokotwa halinyooki tena. Tia pini mahali pawili panapotazamana, mbele na nyuma. Kila mzunguko fuma mishono mirefu, na kwenye kila pini weka mishono 2, mnyororo wa 2, mishono 2, vyote kwenye nafasi moja. Kuanzia mzunguko wa pili, pembe zinakaa ndani ya nafasi ya mnyororo, na kila mzunguko unaongezeka mishono 8.

Geuza kazi kila mzunguko. Ukifuma upande mmoja tu, mishono hulala kuelekea upande huo na ncha ya mbele inahamia taratibu kwenye paja.

Uzuri wake ni kwamba unaijaribu mwilini wakati wowote. Ubaya ni kwamba shingo imekwisha amuliwa mwanzoni, hivyo Hatua ya 1 ni ya lazima zaidi huku.

## Kwa sindano mbili

Hesabu ni ile ile. Badili namba za mkono wako tu. Fuma mshono wa kawaida kila mstari, mbele na nyuma, kwa sindano za milimita 5.5 au 6. Usichague ule ufumaji wenye uso laini mbele na vifundo nyuma: kingo zake hujiviringa, na poncho ni kingo tupu. Funga mstari wa mwisho kwa ulegevu. Kitambaa kitakuwa laini zaidi, lakini kinarefuka zaidi pia, kwa hiyo kutundika kipande cha majaribio usiku kucha ni muhimu maradufu.

## Kufua na kuhifadhi

Isitundikwe. Si kwenye henga, si kwenye msumari, si kwenye kamba ikiwa mbichi. Ikunje uiweke kabatini. Ifue kwa mkono ikiwa ya sufu, ya akriliki inaweza kuingia mashine ndani ya mfuko wa wavu. Vinyweleo vya uzi vinavyojikusanya chini ya kwapa vikate kwa mkasi, usivinyofoe.

## Namna za kuivaa

Ncha mbele. Ndiyo namna iliyozoeleka. Inamrefusha mtu, inafaa juu ya suruali au sketi nyembamba. Ndani vaa mikono inayobana. Mikono mipana hujikunja humo na kukuongezea mabega usiyokuwa nayo.

Ncha kwenye mikono. Izungushe robo duara. Mbele pindo linakuwa limenyooka na fupi, kwenye sm 45 badala ya 63, na shingo inakuwa pana kutoka bega hadi bega. Ni poncho ileile, lakini hii ni ya kukaa mezani na kufanya kazi. Anayetumia kiti cha magurudumu ataipenda zaidi, kwani hakuna ncha ya kukalia wala ya kuingia kwenye gurudumu.

Upande mmoja. Ncha moja iwe juu ya paja la kushoto, nyingine nyuma kulia. Usiitengeneze sana.

Na mkanda. Mkanda upite juu ya sehemu ya mbele tu, nyuma iachwe huru kama joho. Chagua mkanda mwembamba, na usio na chuma chenye makali.

Wazi, na bruchi. Acha mojawapo ya sehemu mbili za kuunganishia vipande bila kushona, funga kwa bruchi au vifungo viwili vya mbao. Inavuliwa bila kupita kichwani, na mama anayenyonyesha anajifunika bila kuhangaika.

Mkoba wa kuvuka kifua uvae chini ya poncho. Kamba ikiwa juu husugua na kuleta vinyweleo. Karibu na moto ivue, hasa yenye matamvua, na hasa ya akriliki, kwa sababu akriliki ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kwa mtoto mdogo usiweke kamba ya kukaza shingoni, wala vishanga vya kung'ofoka. Akikaa kwenye kiti chake cha gari, mkanda upite kwanza kifuani moja kwa moja, ufungwe na kukazwa, ndipo poncho itandazwe juu yake.